Chumvi yenye majani ya viungo: ikishikana, ikibadilika rangi, ikikosa harufu

Chumvi peke yake haiozi. Iache kabatini miaka, utaikuta ile ile. Majani ya viungo yaliyokaushwa sawasawa nayo hudumu miezi mingi. Taabu huanza viwili hivi vinapokutana majani yakiwa bado na maji yake. Karibu kila chumvi ya majani iliyonishinda, na karibu kila chupa niliyoletewa nikaulizwa imepatwa na nini, nilipoifuatilia ilinifikisha kwenye maji: yaliingia kiasi gani, yalitolewaje, na yalirudi kupitia wapi.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile unayoiona, ila pitia kwanza sehemu ya mizani, maana tutairudia mara kwa mara.

Anza na mizani

Majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Mrehani na giligilani vina maji takribani asilimia 92 ya uzito wake. Majani magumu kama thaimu na rosmari yana kiasi cha asilimia 65 hadi 68. Ukichanganya gramu 50 za mrehani na chumvi, umemimina humo gramu 46 za maji, yaani vijiko vitatu vya chakula. Gramu 50 za thaimu huingiza kama gramu 33.

Hesabu hiyo ndiyo kipimo chako. Pima sinia tupu, kisha chumvi, kisha majani, na uandike. Gramu 200 za chumvi na gramu 50 za mrehani zikikauka kweli hubaki 204 au 205. Ukikuta 220, bado mna gramu 15 za maji humo hata kama vidole vinakuambia pamekauka. Kwa thaimu, kiasi hicho hicho hutua kwenye 217 au 218.

Vidole hudanganya, na kuna sababu. Kipande cha jani kilichozungukwa na chumvi hukauka ngozi kwanza na kubaki na maji katikati. Ukikigusa kikiwa bado cha moto, utaapa kwamba kimekauka. Kikishapoa na kufungiwa, maji yale hutoka polepole na kusambaa kwenye chupa nzima. Ndiyo maana chumvi iliyokuwa ikitiririka Jumamosi unaikuta bonge Jumanne.

Kama huna mizani, tumia kioo. Jaza nusu ya chupa safi ya kioo kwa chumvi iliyopoa, ifunge, iache mahali penye joto la kawaida kwa siku nzima. Ukiona umande upande wa ndani, au chumvi imegandamana ukutani unapoinamisha chupa, rudisha yote kwenye sinia. Ni afadhali kupoteza siku moja kuliko kupoteza chupa.

Chumvi inashikana

Hii ndiyo dalili inayoongoza kwa wingi. Yatazame mabonge kwa makini kabla ya kuyatibu, kwa sababu hayana asili moja.

Bonge laini, lenye unyevu, linalovunjika ukilibonyeza kwa kijiko, linasema chumvi haikukauka au imevuta unyevu baadaye. Tandaza mchanganyiko kwenye sinia usizidi unene wa nusu sentimita, uingize kwenye oveni yenye nyuzijoto 80 hadi 90 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 20, ukiugeuza mara mbili. Uache upoe kabisa kabla ya kuurudisha kwenye chupa. Chumvi ya moto ikifungiwa, mvuke wake hugonga kioo, hugeuka matone na kurudi chini, na kazi yote ya kukausha inakuwa bure.

Bonge gumu kama jiwe lina historia nyingine. Chumvi hiyo ililowa, sehemu yake ikayeyuka, kisha maji yakaondoka bila chumvi kukorogwa. Iliyoyeyuka ikarudi kuwa fuwele katikati ya punje na kuziunganisha kama saruji. Hapa oveni haisaidii kitu, maana maji yameshakwenda. Kinachotakiwa ni nguvu: ponda kwenye kinu, chekecha, uponde tena yaliyobaki juu ya chekecheo. Safari ijayo koroga mchanganyiko kila baada ya dakika 15 wakati wa kukausha, na ukikaribia kukauka usugue kwa viganja ili punje zisipate nafasi ya kuungana.

Ikiwa ganda liko juu tu na chini chumvi ni laini, unyevu unaingia kupitia mdomo wa chupa. Mara nyingi ni kwa sababu chupa inatikiswa moja kwa moja juu ya sufuria inayotoa mvuke. Mvuke huingia kwenye matundu, unafunga mfuniko, na tayari umeufungia ndani. Mimina kwanza kiganjani au kwenye kijiko kikavu, mbali na jiko, halafu ndipo utie chunguni. Kijiko chenye majimaji nacho ni hivyo hivyo: tone moja linatosha kuzaa bonge la ukubwa wa karanga.

Hewa yenyewe ina sehemu yake. Chumvi safi ina mpaka: unyevu wa hewa ukipita takribani asilimia 75, chumvi huanza kunywa maji kutoka hewani, ukiwa chini ya hapo, huyaachia. Kwa hiyo chumvi iliyoanikwa mezani siku za mvua haikauki hata ukiisubiri wiki, bali inazidi kulowa. Watu hulaumu majani, wakabadilisha majani, wakarudia, na matokeo yakawa yale yale. Hewa ikiwa nzito, usianike. Tumia joto, au subiri siku iliyo kavu.

Aina ya chumvi nayo inahesabika. Chumvi ya bahari isiyosafishwa huwa na kloridi ya magnesiamu kidogo, na kitu hicho huanza kuvuta maji hata unyevu wa hewa ukiwa theluthi tu. Ladha yake naipenda, lakini ukiitumia kubali kwamba itakuwa na unyevunyevu daima, au uikaushe yenyewe kwenye oveni kabla haijakutana na majani. Chumvi laini ya mezani huwa imetiwa kitu cha kuzuia kushikana, ndiyo maana hutiririka. Kitu hicho huacha maji yakiwa na wingu ukiyeyusha chumvi kwenye glasi. Wingu hilo si uchafu, wala halimaanishi chumvi imeharibika.

Kuweka punje za mchele mkavu ndani ya chupa hupunguza unyevu mdogo unaoingia kila siku. Hakutoi maji ya majani ambayo hayakukaushwa. Hapo mchele utalowa tu pamoja na vingine.

Maji yamejikusanya chini ya chupa

Kabla hujamwaga, jiulize umetengeneza aina gani. Kuna chumvi ya majani ya kukausha, na kuna ile ya mbichi, ambayo majani yaliyokatwakatwa huchanganywa na chumvi na kuwekwa kwenye jokofu hivyo hivyo, yakiwa na maji yake. Kwa hii ya pili, maji chini si kasoro. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye seli za majani, na lazima yaende mahali.

Jambo la kuangalia ni kama chumvi inatosha kwa maji hayo, na jibu lake huonekana kwa macho. Mililita 100 za maji huyeyusha takribani gramu 36 za chumvi, zisizidi. Maana yake ni kwamba, madamu bado unaona punje ambazo hazijayeyuka, maji yaliyomo yameshiba chumvi kikamilifu, na katika maji ya namna hiyo bakteria waharibifu wa chakula karibu wote hawawezi kukua. Ukiona punje zote zimetoweka na majani yanaogelea kwenye maji, ongeza chumvi ukikoroga hadi punje zianze kubaki chini tena. Kama hali hiyo imeanza siku nyingi zilizopita na chupa haikuwa kwenye jokofu, mwaga.

Hapa nataka kusema jambo bila kuzungukazunguka. Mtu akiona chumvi ya mbichi yenye kitunguu saumu imekuwa ya majimaji, hushawishika kuifunika kwa mafuta ya kula ili ikae. Usifanye hivyo ukaiweka nje ya jokofu. Bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, huishi udongoni na hukua mahali pasipo na hewa; mafuta hufunga hewa. Chumvi nyingi humzuia, kiasi cha asilimia 10 ndani ya maji yaliyomo kinatosha kumsimamisha, lakini mtu anayepunguza chumvi kwa macho kisha akafunika kwa mafuta anaondoa kinga na kumwekea mazingira anayoyataka. Sumu yake haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Kijani kimegeuka kahawia au cheusi

Chumvi yangu ya kwanza ya mrehani ilitoka na rangi ya chai, na nilisikitika sana kwa sababu majani yalikuwa mazuri. Nilidhani nimeichoma. Sikuwa nimeichoma. Nilikuwa nimefanya makosa mawili tofauti ambayo yanazaa rangi zinazofanana, na ukitaka kuyatenganisha angalia wakati ambao rangi ilibadilika.

Ikiwa majani yaligeuka meusi dakika chache tu baada ya kukatwa, kabla hata ya kuingia motoni, chanzo ni kuchubuka. Jani likipondeka, vimeng'enya vyake hukutana na hewa na kuanza kulitia weusi, kama tofaa lililokatwa. Mrehani na mnanaa ndiyo hatari zaidi. Kisu butu huponda badala ya kukata. Blenda inayozungushwa muda mrefu huponda na kupasha moto pia. Noa kisu. Majani yawe makavu juu yake kabisa baada ya kuoshwa, yatandazwe juu ya kitambaa hadi yasiache alama ya maji. Kata mara moja, usirudierudie kisu juu ya rundo lile lile. Ukitumia blenda, weka majani pamoja na sehemu ya chumvi, na ubonyeze kwa vipindi vifupi vya sekunde mbili tatu. Punje za chumvi hufanya kazi ya kukata, na majani hayageuki uji.

Kwa mrehani kuna njia ya uhakika zaidi: uchovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 5 hadi 10, uutumbukize papo hapo kwenye maji baridi sana, uukamue na kuukausha kwa kitambaa. Joto lile fupi huua vimeng'enya. Utapoteza harufu kidogo, na kijani kitabaki. Mimi hufanya hivyo pale tu ambapo rangi ndiyo ninayoitaka. Kwa matumizi ya kila siku nachagua harufu.

Ikiwa majani yaliingia kwenye oveni yakiwa ya kijani na kutoka yakiwa na rangi ya zeituni iliyofifia, hilo ni joto, na mara nyingi joto pamoja na asidi. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, ina magnesiamu katikati yake, na asidi ikiing'oa, kijani hukauka na kubaki kahawia. Jani lenyewe lina asidi kidogo. Ukiongeza maji ya limau, umeharakisha mambo. Tumia ganda la limau lililokwaruzwa, acha maji yake. Shusha joto hadi nyuzi 60 au 65 kwa majani laini. Kama oveni yako haishuki chini ya 90, acha mlango wazi kidogo na uongeze muda.

Kuna na rangi inayofifia taratibu kwenye chupa, wiki baada ya wiki, kutoka kijani hadi manjano ya nyasi. Huo ni mwanga. Chupa ya kioo dirishani inapendeza macho, lakini kabatini ndiko mahali pake.

Harufu imekwenda, au haikuwepo tangu mwanzo

Dalili hii huniumiza kuliko zote, kwa sababu chumvi inaweza kuonekana safi, kavu, ya kijani, na isiwe na chochote cha kusema chakulani.

Elewa kwanza mahali harufu inapokaa. Harufu ya majani iko kwenye mafuta mepesi sana yaliyomo ndani ya vifuko vidogo vya jani. Punje ya chumvi ni fuwele ngumu isiyonywa mafuta. Hayaingii ndani yake. Yanaweza tu kuipaka juu. Kwa hiyo kuzika tawi zima la rosmari ndani ya chumvi na kungoja kwa mwezi hakutoi kitu kikubwa. Tawi litanukia, chumvi itanukia kwa mbali, na ukiitia chunguni hutaisikia. Lazima vifuko vipasuliwe na mafuta yaguse punje, na kinachofanya kazi hiyo ni kinu na mchi, au blenda kwa vipindi vifupi. Sugua majani na theluthi ya chumvi hadi chumvi iwe na rangi na vidole vitoke na harufu, ndipo uchanganye na iliyobaki.

Sababu ya pili ni kiasi, na hapa mizani inaeleza jambo ambalo vijiko huficha. Gramu 50 za thaimu mbichi huacha kama gramu 17 za majani makavu ndani ya chumvi. Gramu 50 za mrehani huacha nne. Mtu anayefuata kipimo kimoja kwa majani yote atapata chumvi ya thaimu yenye nguvu na chumvi ya mrehani isiyo na maana, na atasema mrehani haufai. Mrehani unafaa; unahitaji uwe mara tatu au nne zaidi. Lakini ukitia gramu 150 mbichi kwa mkupuo kwenye gramu 200 za chumvi, unaleta maji yanayoyeyusha karibu robo ya chumvi, na tunarudi kwenye bonge la saruji. Nyausha majani kwanza: yatandaze kivulini penye hewa usiku mzima, yapoteze maji mengi, halafu ndipo uyakate na kuyachanganya. Kwa anayetumia majani yaliyokwisha kukauka, gramu 10 hadi 20 kwa gramu 200 za chumvi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sababu ya tatu ni joto. Kama jiko zima linanukia wakati wa kukausha, harufu hiyo ndiyo inayotoka kwenye chumvi yako. Majani magumu huvumilia: thaimu, rosmari na oregano hubaki na nguvu hata yakikauka. Giligilani, mnanaa na vitunguu majani havivumilii hivyo. Nadhani ni haki kusema wazi kwamba giligilani iliyokaushwa hupoteza karibu kila kinachofanya mtu aipende, na hakuna ufundi wa oveni utakaoirudisha. Itengeneze ya mbichi, kwenye jokofu, na uitumie ndani ya wiki chache.

Harufu ya nyasi kavu, au ya karatasi ya zamani, ni kisa kingine. Ama majani yalikuwa yamezeeka kabla hayajaingia, ama chumvi imekaa sana. Sugua kidogo kiganjani na unuse; kama hakuna kinachopanda puani baada ya sekunde chache, imeisha kama kiungo. Bado ni chumvi halali: itie kwenye maji ya kuchemshia vyakula na utengeneze mpya. Kwa kawaida chumvi kavu iliyofungwa vizuri gizani huwa na ubora wake kwa miezi sita hivi, na baada ya mwaka hubaki chumvi yenye vumbi la kijani.

Na kabla hujaitupa, angalia unavyoitumia. Ukiitia mwanzo wa mapishi yanayochemka saa nzima, mafuta yale mepesi yatapaa na mvuke. Itie chakula kikikaribia kuiva, au kikiwa sahanini.

Kuna kitu cheupe juu

Usikurupuke. Weupe juu ya chumvi ya majani mara nyingi ni chumvi yenyewe iliyorudi kuwa fuwele baada ya unyevu kukauka. Chukua kidogo kwenye kijiko na udondoshee tone la maji. Fuwele huyeyuka na kutoweka. Ukungu hauyeyuki, hubaki kama nyuzinyuzi au utelezi, na huwa laini kama pamba ukitazama kwa karibu, wakati mwingine wenye rangi ya kijivu au kahawia. Wengi huamini ukungu hauwezi kuota kwenye chumvi. Upo unaovumilia chumvi nyingi, na unachohitaji ni kipande cha jani chenye maji mahali ambapo chumvi haikufika sawasawa, kwa mfano kipande kikubwa cha kitunguu saumu.

Ukiwa ni ukungu, mwaga chupa yote. Usiondoe juu ukabakiza chini, wala usijaribu kuichoma. Osha chupa kwa maji ya moto na sabuni na uikaushe kabisa.

Chumvi ni chungu

Ikiwa ina kitunguu saumu, kimeungua. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kinachelewa kukauka, na kina sukari inayogeuka chungu moto ukizidi. Mtu huona bado kimelowa, hupandisha joto, na kingo huungua wakati katikati ni mbichi. Kata vipande vyembamba sana au ukwaruze, kausha kwa nyuzi 60 hadi 70, na uwe na subira.

Ikiwa ina limau, umekwaruza hadi kwenye ngozi nyeupe iliyo chini ya ganda la njano. Uchungu wote uko huko, na hauondoki. Ikiwa ni rosmari tupu, huenda imezidi tu: ongeza chumvi safi hadi ilainike.

Kitunguu saumu kikigeuka bluu au kijani kibichi baada ya kukutana na limau, usiogope. Ni chembe zake za salfa zikijibu asidi. Hakina madhara na ladha ni ile ile.

Chakula kinazidi chumvi

Kijiko si uzito. Kijiko cha chai cha chumvi laini ya mezani ni kama gramu 6. Cha chumvi yenye vipande vipana vyepesi kinaweza kuwa nusu yake. Ukisaga chumvi ya mawe pamoja na majani, umebadilisha kilichomo kijikoni bila kubadilisha kijiko. Kosa jingine ni kuiona hii kama kiungo na kuitia juu ya chumvi ya kawaida. Iwe badala yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na gramu hizo zinahesabiwa hata zikiwa za kijani.

Majani yako juu, chumvi chini

Ukubwa haulingani. Punje nzito huteremka kila chupa inapotikiswa, vipande vyepesi hupanda. Saga majani na chumvi pamoja hadi vikaribiane, au tumia chumvi ya punje kubwa na majani yaliyokatwa kwa ukubwa huo huo. Kugeuza chupa juu chini kabla ya kutumia hutosha kwa chupa iliyobaki.

Mchanga menoni

Udongo wa kwenye majani. Chumvi huwezi kuiosha, kwa hiyo osha majani kabla, kwenye bakuli lenye maji mengi, ukiyainua kutoka juu badala ya kuyamwaga pamoja na maji yake. Rudia hadi chini ya bakuli pabaki safi. Kama unachokisikia ni vijiti na si mchanga, ni mashina ya thaimu au sindano za rosmari: chekecha, saga yaliyobaki.

Ladha ya chuma, au madoa ya kahawia karibu na mfuniko

Chumvi yenye unyevu hula chuma. Mfuniko wa bati wenye mkwaruzo mdogo tu huanza kutu upande wa ndani, na visu vya mashine ya kusagia vikiachwa na mabaki ya chumvi usiku mmoja hutia madoa. Osha na kausha mashine mara tu unapomaliza. Hifadhi kwenye kioo chenye mfuniko wa plastiki au kizibo. Kama una mfuniko wa bati pekee, weka kipande cha karatasi ya kuokea katikati yake na mdomo wa chupa. Mfuniko ulioanza kutu usiusugue ukautumia tena. Kutu itarudi baada ya wiki chache, na safari hii itadondoka kwenye chumvi.